Majina Mapya ya Biashara ya Nje Yana Kazi Darasani

Wapo walimu wa uchumi wanaoona kubadilisha istilahi za biashara ya kimataifa ni usumbufu mtupu. Hoja zao zinastahili kujibiwa.

Wanasema “biashara inayoonekana” na “isiyoonekana” zinatosha, kwani “bidhaa” na “huduma” ni mambo yale yale kwa majina mapya. Si yale yale. Chini ya “isiyoonekana” vitabu vya zamani vilirundika utalii, gawio la wenye hisa wa nje na pesa za ndugu walioko Oman. Utalii ni huduma tuliyouza. Gawio ni pato la mtaji. Pesa za ndugu hazidai chochote kwa malipo. Mwanafunzi anayeviweka fungu moja atajuaje Tanzania inauza nini?

Wanadai pia kwamba “urari mzuri” na “urari mbaya” ni rahisi kukumbuka. Ni kweli, na hapo ndipo penye hatari. Hukumu hiyo ni ya enzi za Thomas Mun, ambaye kitabu chake kilichapishwa 1664, na Adam Smith aliishambulia tangu 1776. Kuagiza mitambo ya reli huongeza nakisi. Wananchi wakikosa uwezo wa kununua, nakisi hupungua. Urari upi mzuri hapo? Tuseme nakisi na ziada, kisha tuulize sababu.

Hoja inayonikera zaidi ni kwamba mgawanyo wa akaunti ya mtaji na akaunti ya fedha ni mambo ya wahasibu wa IMF. Tangu mwongozo wa tano wa shirika hilo kuhusu urari wa malipo, 1993, mikopo na uwekezaji viko akaunti ya fedha. Akaunti ya mtaji imebaki na vitu kama misaada ya miradi ya maendeleo na misamaha ya madeni, ukiwemo ule mkubwa ambao Tanzania iliupata 2006. Anayesoma jedwali la urari wa malipo la Benki Kuu kwa maana ya zamani ataona tarakimu ndogo kwenye “mtaji” na kuamini kwamba wawekezaji wametukimbia. Hajakosea kusoma, amefundishwa vibaya.

Na mitihani? Kweli, mwanafunzi hawezi kuadhibiwa kwa kitabu alichopewa. Basi watungaji waanze wao: swali litumie majina yaliyomo kwenye jedwali la Benki Kuu, na yale ya zamani yawekwe kando yake hadi vitabu vipya vifike shuleni.