Jina la mlima si hatimiliki

JUZI nikisafiri kwa matatu kutoka Kitale kwenda Bungoma, mwanafunzi wangu mmoja aliyeketi kando yangu aliniuliza: "Mwalimu, Trans Nzoia maana yake nini?" Nikamjibu kuwa "trans" ni neno la Kilatini, nalo maana yake ni ng'ambo. Papo hapo akauliza: "Ng'ambo ya nani, ilhali sisi twaishi huku huku?"

Swali hilo lilinisumbua hadi mwisho wa safari. Hakika, jina hilo lilitolewa na wakoloni waliokuwa wakiutazama mto Nzoia kutoka upande wa Uasin Gishu. Mkazi wa Kitale hujitambulisha hadi leo kwa macho ya mtu aliyesimama ukingo wa pili.

Tuutazame na mlima wenyewe. Wapo wasemao kuwa Elgon ni jina la Wamaasai, Ol Doinyo Ilgoon, yaani mlima wenye umbo la titi. Wengine hulinasibisha na Wakony, tawi mojawapo la Wasabaoti. Wabukusu, pamoja na ndugu zao Wagisu wa Uganda, huuita Masaba, kwa jina la babu yao. Bungoma nayo ni vivyo hivyo: baadhi ya wazee husema asili yake ni ngoma, na baadhi husema ni Wabong'omek, ambao pia ni Wasabaoti.

Hapa ndipo penye hatari. Katika eneo lililoshuhudia mapigano ya kikabila mwaka 1991 na 1992, kisha umwagaji damu wa Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 kwa sababu ya ardhi, asili ya jina si jambo la mzaha. Atakaye kumfukuza jirani yake huchagua jina moja na kuyanyamazia mengine. Kwa maoni yangu, jina hutuarifu ni nani aliyepita na nani aliyekaa. Halituambii kamwe nani ahame. Mto uitwao Suam mlimani huitwa Turkwel ufikapo nyanda za chini, na maji ni yale yale.

Wapo watakaosema kuwa basi afadhali tuyasahau majina haya. La hasha! Huko Uskoti, neno la Kigaeli "beinn", lenye maana ya mlima, limebaki katika ramani kama "Ben", na wengi wautajao mlima Ben Nevis hawaijui tena lugha hiyo. Jina laweza kudumu huku maana yake imezikwa. Sisi tulipoliacha jina la Broderick Falls na kuuita mji ule Webuye, hakuna aliyepoteza shamba lake.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu: likizo ijayo, kila mwanafunzi aagizwe kumwuliza mzee jina la kijito au kilima kilicho karibu na kwao. Asiishie kwa babu yake tu, bali abishe hodi kwa jirani wa kabila jingine pia. Maelezo yote, hata yanayopingana, yaandikwe katika daftari moja. Wazee wetu wanazidi kupungua, na mwacha mila ni mtumwa.