Uvumbuzi au jambo lililo wazi? Funzo la kesi ya Apple na Samsung

KUFUNGUA simu kwa kutelezesha kidole juu ya kioo ni kitendo ambacho hata mtoto hukifanya bila kufikiri. Hata hivyo, kitendo hicho kiliwagawanya majaji wa mataifa makubwa.

Kampuni ya Apple ilikuwa na hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, kuhusu kuburura picha kwenye skrini hadi simu ifunguke. Mnamo Mei 2014, kesi iliyosikilizwa California iliishia kwa Samsung kutakiwa kulipa dola milioni 119.6 kwa kukiuka hataza tatu, hiyo ikiwemo.

Samsung ilishikilia kuwa jambo hilo lilikuwa dhahiri. Simu ya Neonode, ya Uswidi, ilikuwa tayari ikifunguliwa kwa kupitisha kidole, ingawa hapakuwa na picha iliyokifuata. Nao utafiti wa mwaka 1992 ulikuwa umeonyesha swichi za kuburura kwenye skrini za ukutani. Ukiviunganisha viwili hivyo, unapata hataza ya Apple.

Februari 2016, majaji watatu wa rufaa waliafiki hoja hiyo. Oktoba mwaka huohuo, kikao cha majaji wote kilibatilisha uamuzi wao, wanane dhidi ya watatu. Miongoni mwa waliyozingatia ni shangwe iliyoipokea mbinu hiyo mwaka 2007 na nyaraka za Samsung yenyewe zilizoisifu. Lakini Uingereza mwaka 2012, na Ujerumani mwaka 2015, mahakama zilikuwa zimeshaifuta hataza ya aina hiyo.

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vyaundwa. Kitendawili kikishateguliwa, kila mtu hujiona angekitegua. Ndiyo maana jaji hapaswi kujiuliza iwapo jambo ni rahisi leo, bali iwapo fundi wa kawaida wa wakati ule angekuwa na sababu ya kuunganisha vitu hivyo viwili.

Hata hivyo, makofi ya umati huthibitisha kuwa kitu kinapendeza, si kuwa kilikuwa kigumu kubuni. Kwa hilo, majaji wa Ulaya walikuwa na hoja nzito zaidi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 ina kigezo hichohicho. Kikilegezwa, matajiri watajimilikishia kila hatua ndogo. Kikikazwa kupita kiasi, kijana aliyebuni kifaa chake atanyang'anywa jasho lake kwa madai kwamba yeyote angekibuni.