Mgonjwa Asilazimishwe Kufunga



Kila mwaka, mwezi wa Septemba au Oktoba, Wayahudi huadhimisha Siku ya Upatanisho iliyoagizwa katika Kitabu cha Walawi, sura ya 16. Hata kwa majirani zetu Uganda, karibu na Mbale, siku hiyo huadhimishwa na Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Tangu jua kutua hadi usiku wa kesho yake, yapata saa 25, hawali wala hawanywi hata maji. Husali na kutubu, na aliyemkosea mwenzake hupaswa kwanza kupatana naye.

Hata hivyo, katika mfungo huo mkali, uhai hutangulia. Watoto wadogo hawafungi. Mama aliyejifungua hafungi siku tatu za kwanza. Mgonjwa ambaye kufunga kutahatarisha maisha yake, sheria yao humwamuru ale. Tena akisema mwenyewe kwamba anahitaji chakula, husikilizwa hata kama waganga wanasema hana haja.

Je, sisi Wakatoliki? Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, Kanisa hutaka wafunge wenye miaka 18 hadi 59, na mlo mmoja kamili unaruhusiwa. Wagonjwa hawabanwi. Lakini katika jumuiya zetu, Kijenge na kwingineko, mgonjwa huweza kuona aibu kula wenzake wakifunga. Kwa maoni yangu, aibu hiyo tunaisababisha sisi wazima kwa maneno yetu.

Mwenye kisukari akimeza vidonge au kuchoma sindano ya insulini bila kula, sukari huweza kushuka ghafla: hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na asipopewa kitu chenye sukari upesi huweza kuzimia, hata kufa. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za UKIMWI asiache hata dozi moja. Mama mjamzito na anayenyonyesha wale vizuri.

Mtume Paulo, katika Matendo ya Mitume sura ya 27, aliwasihi wenzake melini waliokaa siku 14 bila chakula wale, kwa ajili ya usalama wao.

Basi, kabla ya Kwaresima, mgonjwa amwone daktari wake na padre wake. Anaweza kutoa sadaka, kusamehe, au kuzuia ulimi. Nasi wazima tumpelekee uji, tukae naye anywe.