NAMBA NI AMANA

Sisi wenye maduka twaijua amana ya daftari. Jina la mteja huandikwa humo kwa ajili ya deni lake, basi. Mwenye duka akiwasomea wapita njia, au akawapelekea mahasimu wa mteja, amefanya khiyana, ijapokuwa kila alichokiandika ni kweli.

Na Serikali ni vivyo hivyo. Sheria Namba 7 ya mwaka 2005 ilileta Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kazi yake, kama jina lisemavyo, ni kumtambulisha mkaazi. Lakini kadi hiyo ikafanywa ufunguo wa daftari la wapiga kura: asiye nayo hakuandikishwa. Na njia ya kuipata ilipita kwa sheha, ambaye huteuliwa na Serikali. Mwaka 2009 uandikishaji Pemba ulisimamishwa kwa mzozo huo, wananchi wakilalamika kuwa wamenyimwa vitambulisho.

Wataambiwa watu kuwa namba moja hurahisisha kazi. Na tuwatazame Wamarekani. Mwaka 1936 walianza kupewa namba ya kuhifadhi hesabu ya mishahara yao kwa ajili ya pensheni. Mwaka 1943 Rais Roosevelt akaamuru idara nyengine nazo ziitumie. Tangu 1946 kadi ziliandikwa kwamba si za kujitambulishia. Mwaka 1972 maneno hayo yakaondolewa. Kabla ya hapo kodi ilikwishaingia, na mabenki pia. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax iliibiwa habari za watu wapatao milioni 147, na wengi wao namba hizo zilikwenda pamoja. Kilichoombwa shubiri kilichukuliwa pima.

Hatusemi vitambulisho vifutwe. Twataka mambo matatu. Kwanza, kila matumizi ya namba yatajwe katika sheria, na yasiyotajwa yawe batili. Pili, kadi isiwe mlango pekee wa kura. Mkaazi aruhusiwe kuthibitisha ukaazi wake kwa ushahidi mwengine. Tatu, mwananchi awe na haki ya kujua nani kazifungua habari zake, na kwa kazi gani.

Ndugu wanachama, mkitakiwa namba zenu, ulizeni kwa adabu: ni ya nini, na kwa sheria ipi? Kuuliza si uasi. Mwenye mali ndiye mwenye haki ya kuuliza hesabu.