Mwanafunzi wa Kata Apate Jioni Yake

Sekondari nyingi za kata nchini Tanzania tulizijenga kwa mikono yetu. Tulisomba mawe, tukabeba mchanga, tukachangia saruji na mabati. Mwaka 2016 ada nayo iliondolewa hadi kidato cha nne. Leo mtoto wa mkulima na wa mama lishe wamo darasani.

Lakini wengi wanahangaika humo. Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012? Yalipotangazwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Tumepiga hatua tangu hapo, ila safari bado.

Hebu tufikirie mtoto anakutana na nini kidato cha kwanza. Miaka yote ya msingi amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Anaingia sekondari, baiolojia ni Kiingereza, jiografia ni Kiingereza. Mtoto mwenye akili zake anaanza kunyamaza. Ananakili ubaoni asiyoyaelewa, kisha anayakariri. Mimi siamini kwamba huyo ni mvivu.

Utasema, “Kiingereza chenyewe sikijui, nitamsaidia nini?” Unaweza, mzazi mwenzangu. Akirudi, mwambie akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa. Moyo unasukumaje damu? Mvua inatokea wapi? Akikueleza ukaelewa, basi naye ameelewa. Akikwama, kesho ana swali la kumpelekea mwalimu. Na wewe kijana uliyemaliza kidato cha sita, uko nyumbani unasubiri chuo, huwezi kukaa na watoto wa mtaani kwako jioni mbili kwa wiki mkasoma Kiingereza?

Jioni yenyewe ndiyo inayonipa mawazo, hasa ya binti. Anafika amechoka, ndoo inamsubiri, vyombo vinamsubiri, mdogo wake analia. Akishika daftari, giza limeingia. Je, kaka yake hawezi kuchota maji? Vyombo haviwezi kuoshwa kwa zamu? Saa moja tu ya mwanga, kila siku, ni ya kwake. Na jirani mwenye umeme au taa ya sola, waruhusu watoto wa jirani wasomee barazani kwako.

Ili aiwahi saa hiyo, kondakta, mwanafunzi akisimama kituoni, mpandishe. Mwenye duka, ukimwona dukani kwako jioni, mhimize aende nyumbani akasome.

Halafu kuna njaa. Aliyetoka alfajiri kwa miguu, saa nane mchana atasikia nini darasani? Katika shule ambazo wazazi wamekubaliana kuchanga mahindi na maharage, watoto wanakula makande na kurudi kwenye vipindi wakiwa na nguvu. Aliyevuna vizuri anaweza kumwongezea jirani ambaye shamba lake halikutoa kitu. Kama kwenu bado, lipelekeni jambo hili kwenye kikao kijacho cha wazazi, mkae na mkuu wa shule na mwenyekiti wa kijiji, mpange nani ataleta nini na nani atapika.