Kimo cha Mashine Kipimwe Kabla ya Ubao Kukatwa

Katika mambo yanayoamua kama chombo cha mashine kitamlisha mwenyewe au kitamfilisi, sidhani kama liko linalopuuzwa zaidi kuliko kimo cha mashine pale inapofungwa kwenye ubao wa tezi. Mvuvi hukusanya fedha kwa miaka, au akauza minazi yake, au akakopa katika ushirika, kisha akaenda dukani akauliza nguvu za farasi, na bei, na upatikanaji wa vipuri. Walakini urefu wa mguu wa mashine, ambao ndio utakaoiweka rafadha katika maji mazima au katika povu, hauulizi, na mwuzaji naye aghlabu hamwulizi ubao wa chombo chake una kimo gani.

Ilhali mashine hizi za kupachika haziundwi kwa mguu wa namna moja. Kwa kawaida ya viwanda, mguu mfupi umekusudiwa ubao wa inchi 15 hivi, mguu mrefu ubao wa inchi 20, na ule mrefu zaidi ubao wa inchi 25, nacho kipimo huanzia ukingo wa juu wa ubao, panapokaa vibanio, kikashuka hadi chini ya chombo. Juu kidogo ya rafadha pana bamba la mlalo, na hilo ndilo la kutazamwa: katika boti jepesi la faiba, linaloinuka na kuteleza juu ya maji likikimbia, bamba hutakiwa liwe sawasawa na chini ya boti, au chini yake kidogo, hata kadiri ya inchi moja. Likipanda kupita kiasi, rafadha huvuta hewa, mashine ikapiga kelele bila mwendo kuongezeka. Na lililo baya kuliko hilo, matundu ya kuvutia maji ya kupozea, ambayo nayo yako mguuni, hunyonya hewa badala ya maji, mpira wa pampu ukaungua, na mashine ikapata moto hata ikafa katikati ya safari. Likishuka mno, mguu mzima huyalima maji kama jembe, mafuta yakateketea bure, usukani ukawa mzito, na kichwa cha mashine, chenye umeme wake na pumzi yake, kikawa jirani wa mawimbi.

Mashua ya mbao ina sharti lake zaidi. Mkuku wake hutokeza chini ya mbao, na maji yanayofuata mkuku huo hufika kwenye rafadha yamekwisha vurugika na kuchanganyika na hewa. Kwa hiyo fundi hana budi ama kuupunguza mkuku kwa mteremko kabla haujafika tezi, ama kuishusha mashine hata bamba likae chini ya mkuku wenyewe. Kuchukua kipimo cha boti la faiba la jirani na kukihamishia katika mashua ni taksiri iliyo dhahiri, na naiona ikitendwa na mafundi ambao kwa kazi ya kuunda na kukalafati hawana mpinzani.

Wanaotumia injini ya ndani yenye mguu wa nje, namna iliyoletwa sokoni na Volvo Penta mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic, kwa fikra ya mhandisi wa Kimarekani Jim Wynne, hawana nafasi ya kubahatisha. Mguu wao huungana na injini kupitia tundu lililotobolewa katika tezi, na injini yenyewe imekaa ndani juu ya misingi yake, hivyo aliyekosea inchi mbili sharti azibe, ainue misingi, atoboe upya. Ndiyo maana hupima kwanza kwa mujibu wa mchoro wa kiwanda, kutoka chini ya chombo hadi kitovu cha mhimili, ndipo wakashika msumeno. Mashine yetu ya kupachika husamehe, na msamaha huo umetuzoeza vibaya: ubao ukiwa mfupi mno hupigiliwa kipande cha mti juu, ukiwa mrefu huchongwa kwa tezo, na maisha ya watu yakaning'inia juu ya misumari.

Wako manahodha wasemao kwamba kuiinua mashine huongeza mwendo na kupunguza mafuta, na katika maji matulivu neno lao ni kweli. Lakini chombo kinachovuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi, kikiwa na abiria au samaki, huinuliwa tezi na wimbi linalokifuata nyuma, na rafadha iliyofungwa juu huachia maji katika saa ileile ambayo nahodha anahitaji nguvu ya kukiweka chombo sawa. Kwa chombo cha riziki nachagua kuifunga mashine tundu moja la bolti chini zaidi, na mafuta ya ziada nayahesabu kuwa ada ya salama.

Uhakika wa mwisho hupatikana majini, chombo kikiwa na shehena yake ya kawaida na watu wake mahali wanapokaa: kiendeshwe kwa nguvu zote, kikatwe kona kali, mashine isikilizwe, na maji ya kupozea yatazamwe kama yanatoka bila kukatika. Baada ya hapo ndipo bolti zipitishwe ubaoni, kwa maana vibanio peke yake hulegea.

Wakaguzi wa vyombo, Bara, Visiwani na Kenya, wanaohesabu majaketi ya kujiokolea, wangeweza kwa dakika chache kuweka rula ndefu chini ya tezi na kutazama bamba limesimama wapi. Na wanaonunua mashine kwa jumla kwa ajili ya vikundi vya wavuvi wapeleke fundi mwenye futi ufukoni kabla ya kuagiza, na mashine ya mguu mfupi isipakiwe kwa kikundi chenye tezi za inchi 20 kwa sababu tu ndiyo iliyokuwapo ghalani.