KITI CHA MBELE



Mwezi huu nitaanza na kosa langu mwenyewe. Siku ya ibada ya mavuno, hapa Kasungami, nilisoma majina ya wageni na ya wazee ili kanisa liwapigie mikono. Jina moja nikaliruka. Sikufanya kwa kusudi, karatasi ilikuwa imejikunja. Mzee yule ni mtu mkubwa kwetu. Alisimama, akachukua Biblia na kofia, akatoka katikati ya wimbo. Bibi yake akamfuata, halafu nusu ya kwaya ya wamama. Na pale inje watu walimwambia nini? "Muzee, uko na haki! Bamekuzarau. Usirudie tena!"

Maneno hayo ya inje njo yananisumbua kuliko hasira yake.

Unamkumbuka Naamani, katika 2 Wafalme 5? Jemadari wa Shamu, mwenye ukoma, alifika kwa Elisha na farasi na magari yake. Elisha hakutoka hata kumsalimia. Alituma mtu tu: nenda ukaoge mara saba katika Yordani. Naamani akawaka, akageuka kwenda zake, akisifu mito ya Dameski. (Ona, ukoma ameusahau kabisa! Kinachomuuma ni heshima.) Watumishi wake wangeweza kusema, "Mkubwa, uko na haki," na angekufa na ugonjwa wake. Lakini walimkaribia, wakamwita Baba, wakamuuliza: kama ungeambiwa jambo gumu, haungelifanya? Akashuka mtoni.

Hata wafalme wa wakati wetu. Tarehe 30 Juni 1960, kule Léopoldville, Mfalme Baudouin aliyasikia maneno makali ya Lumumba mbele ya wageni wote. Alikasirika sana, akataka kurudi kwao palepale. Sherehe ikachelewa. Lakini mawaziri wake walimwomba abaki, naye akabaki. Kwenye chakula Lumumba akasimama tena na maneno ya upole. Sisemi nani alikuwa na haki siku ile. Ninasema tu, kulikuwa watu wa kumshika mkubwa mkono.

Hapa kwetu Elisabethville, mwezi uleule wa 6, haikuwa hivyo. Conakat ilipata viti 25 kati ya 60 katika bunge la jimbo. Watu wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, walikasirika juu ya uchaguzi, wakatoka ndani. Sheria ilitaka theluthi mbili za wabunge wawepo, basi wakafikiri bila wao kazi itasimama. Brussels ikabadili sheria. Tarehe 16 Juni Tshombe akapata serikali, na wao wakiwa inje. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na wazazi wetu wanajua damu iliyofuata. Naye Tshombe hakujifunza kitu: Aprili 1961 alitoka kwa hasira katika mkutano wa Coquilhatville, na tarehe 26 akakamatwa uwanja wa ndege, akafungwa mpaka mwezi wa 6. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, hata sababu kubwa. Na kila mmoja alikuwa na watu nyuma yake wa kumpigia mikono akitoka.

Ndugu yangu, dada yangu, kiti cha mbele katika kanisa letu kiko wazi juma ya tano sasa. Alhamisi nilienda kwenye lupango ya mzee, nikaomba musamaha. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, akanyamaza. Sikumlaumu, maana kwake mimi bado ni yule aliyeruka jina.

Lakini wewe uliyesimama naye inje siku ile, wewe unakaa karibu naye, munachota maji pamoja, munasalimiana kila asubuhi. Tangu siku ile umemwambia neno gani lingine?

Ndugu yenu, Pasta.